Chai Kwanza: Maisha ya Injinia Ruweyda Yahye Mahat, 1983–2025

Assalamu alaikum, wazee wetu, mama zetu, majirani wa Bulla Iftin, na ninyi wenzake marehemu wa ofisi ya maji, mliofika moja kwa moja kutoka visimani na vumbi la barabara bado liko viatuni. Kwetu si desturi kusoma maisha ya mtu baada ya maziko, huwa tunamsomea Qur'ani na dua, na hayo yanaendelea tangu juzi, lakini wenzake waliomba kwa adabu wasikie safari yake tangu mwanzo, na mume wake Deeq akakubali kwa sharti moja, kwamba isomwe pamoja na yale yaliyomwaibisha, kwa sababu mwenyewe hakuyaficha, na mtu mwingine akimfichia leo atakuwa anamsemea uongo kaburini.

Marehemu Ruweyda Yahye Mahat alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Bute, Wajir Kaskazini, mtoto wa tatu wa Mzee Yahye Mahat, aliyefuga ngamia na kuuza nguo sokoni, na Mama Zeinab Abdow, aliye nasi hapa na ambaye tunamwombea subira. Alikuwa mtoto mwembamba, na kwa wembamba wake ndiye aliyekuwa akiteremshwa kwa kamba chini ya kisima kilichochimbwa kwa mkono wakati wa kiangazi, achote tope lililoziba chemchemi, na baba yake alipomvuta juu akiwa mweusi kwa matope toka kichwani hadi miguuni, alikuwa akimwuliza, "Haya, maji umeyaona yanatokea wapi?" naye akajibu kila mara kwamba bado, kesho ateremke tena.

Alisoma shule ya msingi hapo Bute kuanzia mwaka 1990 hadi 1997, kisha akaletwa shule ya upili ya bweni hapa mjini Garissa, akamaliza mwaka 2001, na ingawa kulikuwa na watu wa ukoo waliomwambia baba yake kwamba msichana akisoma sana huwa kama ngamia aliyefundishwa kuogelea, Mzee Yahye aliuza dume lake zuri na kumpeleka Nairobi, chuo kikuu, mwaka 2003. Huko alisomea uhandisi wa maji, msichana wa pekee kutoka kwao katika darasa hilo, na hakumsahau hata siku moja mpishi wa bwenini, mama Mkamba asiyejua hata jina lake vizuri, aliyekuwa akimfunikia uji na sambusa mwezi wa Ramadhani kila alipochelewa maabara, akisema, "Mwislamu wangu hatalala njaa." Alihitimu mwezi Desemba mwaka 2008.

Mwezi Januari 2009 aliajiriwa na ofisi ya maji hapa Garissa, akafanya kazi ya visima kwa bidii, enzi zile za jenereta za dizeli zilizokuwa zikinguruma hata mtu akiwa mbali ajue kama mashine ni nzima au ni mgonjwa. Tarehe 18 Juni 2010 aliolewa na Deeq, mfanyabiashara wa mifugo, na Mwenyezi Mungu akawajalia watoto wanne, Naimo mwaka 2011, mapacha Mahat na Yahye mwaka 2013, na Zeinab mdogo mwaka 2017. Mwaka 2012, mama mkwe wake alipopatwa na kiharusi na mapacha wakiwa tumboni, aliomba ruhusa ya mwaka mmoja kazini, na mwaka huo ukazaa mwingine, na mwingine, hadi ikawa kumi na mmoja. Majirani wa wakati huo ni mashahidi, alikuwa akimwogesha mama mkwe kwa mikono yake, akimgeuza kitandani bila kununa, na tangi la maji la mtaa likivuja ndiye aliyepanda ngazi akiwa amejifunga shuka kiunoni, mtoto mgongoni, spana mdomoni. Lakini hayo yeye hakuyahesabu kuwa kazi.

Mama mkwe alipofariki, na Zeinab mdogo alipoanza shule, Ruweyda alitamani kurudi. Mwishoni mwa mwaka 2022 ofisi ilitoa nafasi moja ya kujaribu, kwa mwanamke aliyesomea sayansi au uhandisi na kuacha kazi kwa ajili ya kulea, na ikasemwa wazi kwamba huyo wa kwanza akifaulu, nafasi nyingine zitafunguliwa. Aliyekuwa akingoja nyuma yake ni rafiki yake Hinda, mtaalamu wa kupima maji maabarani, aliyekuwa nyumbani miaka saba. Siku ya mahojiano Ruweyda aliulizwa, "Miaka kumi na mmoja hii ulikuwa unafanya nini?" naye akainamisha macho akasema, "Hakuna." Alirudi nyumbani akalia jikoni, si kwa kuogopa kukosa kazi, bali kwa kuona kwamba neno lile lilimtoka kwa urahisi mno.

Kazi aliipata, akaanza tarehe 9 Januari 2023, na aibu ikaanza naye. Mkuu wake sasa alikuwa Injinia Abdihafid, kijana ambaye zamani alikuja ofisini kujifunza kazi na kumbebea Ruweyda vifaa, na ingawa Abdihafid kila asubuhi alikuwa akisimama kumpa kiti, heshima hiyo ilimchoma badala ya kumpoza. Jenereta zilikuwa zimeondoka, visima vilikuwa vya sola, mashine zilikuwa kimya, zinaongozwa na kisanduku chenye taa ndogo zinazokonyeza, na aliyezijua vizuri ni Ilhan, fundi wa umeme wa jua, msichana ambaye hata kuolewa bado. Ilhan alikuwa akimwelekeza taratibu, akimwita eddo, yaani shangazi, "Eddo, hapa umeelewa?" naye Ruweyda, ambaye hakuwa ameelewa, alikuwa akisema ndiyo, kisha akajifanya anapigiwa simu. Alikuwa akiona kwamba akiuliza swali moja la kitoto, watu hawatasema Ruweyda hajui, watasema wanawake waliokaa nyumbani wamekauka, na Hinda atafungiwa mlango kabla hajaubisha.

Tarehe 21 Februari 2023, ukame ukiwa umekaza kamba, alitumwa kisima cha Bohol Garas, kando ya njia ya kwenda Liboi, ambako mifugo ya kila upande ilikuwa imekusanyika kupita kiasi. Mwangalizi wa kisima ni Olow, mtu mpole wa maneno machache. Asubuhi ile, ngamia wakiwa wamejipanga na mbuzi wakilia, pampu ilinyamaza na taa nyekundu ikawaka, na mzee wa malisho hayo, Mzee Mahat wa Bohol Garas, ambaye hana udugu na marehemu ila wa jina, akamsogelea na kumwuliza mbele ya watu, "Injinia, imekufa au imelala?"

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa kwenye simu, maana mtandao ulikuwepo na Ilhan alikuwa hewani. Ruweyda alifungua kisanduku, akatazama taa asiyoijua maana yake, akaona macho ya wanaume wote yako mgongoni mwake, akaona aibu kupiga simu kumwuliza mtoto, akasema, "Imekufa. Pampu imeungua."

Waliokuwa wakingoja hawakubisha, maana aliyesema ni msomi. Wanawake walivunja nyumba zao, wakakunja mikeka na kuipakia juu ya ngamia, wakafunga watoto juu ya mizigo, na makundi yakaondoka kuelekea maji ya upande wa Liboi, kila kundi na vumbi lake. Vumbi lilipotulia, bomba likakohoa, likatema tope kidogo, kisha maji yakaanza kumiminika kwenye hori ambalo halikuwa na mnyama hata mmoja. Mashine haikuwa imekufa. Ilitengenezwa ijizime yenyewe maji yakishuka sana, ikipumzishe kisima, na maji yakipanda tena iwake bila kuguswa na mtu.

Olow alitazama hori, akamtazama Ruweyda, akainamisha macho yake kwa kumsitiri. Familia chache zilizokuwa hazijamaliza kufunga mizigo zikapiga kelele, "Mama ametengeneza! Wallahi, Injinia ametengeneza!" na vijana wa pikipiki wakatumwa kuwarudisha walioondoka. Ruweyda akasema, "Alhamdulillah." Neno ni la haki, na ni la kusemwa kila saa, lakini siku ile alilitandika juu ya uongo kama mtu anavyotandika mkeka juu ya shimo.

Ofisini alipokewa kwa furaha, Abdihafid akaagiza mbuzi wa kuchoma na kusema, "Mnaona? Mama akirudi, anarudi na nguvu," na Hinda akampigia simu akilia kwa shukrani. Ilhan peke yake ndiye aliyeuliza, "Eddo, ulibadilisha nini?" Ruweyda akasema, "Waya." Ilhan akatazama mikono yake, iliyokuwa safi, akamwongezea chai kikombeni, wala hakuuliza tena. Marehemu alikuwa akisema kwamba chai ile ilimshinda kumeza.

Pikipiki hazikuwapata wote. Mama mmoja mjane aitwaye Fatumo alikuwa amepita njia ya mkato na mbuzi wake waliodhoofika, mali yote aliyoachiwa na mumewe, na wengi walimfia njiani mmoja baada ya mwingine kabla hajaona maji. Habari hiyo Olow aliileta mwenyewe Garissa, akapiga hodi kwa Ruweyda na kibuyu cha maziwa ya ngamia mkononi ili isionekane amekuja na mabaya mikono mitupu, akaisema kwa sauti ya chini, akaongeza, "Mimi sikumwambia mtu, na sitamwambia." Wema wake ulikuwa wa kweli, lakini baada ya Olow kuondoka Ruweyda hakuweza kumtazama mtu usoni. Aliacha kula na watoto, alivaa niqabu hata kwenda kwa jirani, yeye ambaye hakuwa na mazoea hayo, na akiitwa Injinia barabarani alikuwa akigeuka kana kwamba ameitwa mwizi.

Deeq alimwacha mpaka akasema mwenyewe. Aliposikia yote, hakumlaumu, alimwuliza swali moja tu, "Ukisema, na Hinda itakuwaje?" Ruweyda akamjibu, "Nisiposema, Hinda atakuja kukalia kiti cha uongo, na siku kitakapovunjika ataanguka yeye." Basi akaenda kwa Abdihafid, akafunga mlango, akasimulia tangu taa nyekundu hadi waya ambao haukuwepo. Abdihafid akasema, "Heri usingeniambia, abaayo, dada yangu," na baadaye, akiwa amesimama kumfungulia mlango, "Asante kwa kuniambia." Alimtoa kwenye kazi ya visimani mpaka ajifunze, na nafasi ya pili, ile ya Hinda, wakubwa wakaiweka kando. Hinda aliacha kumsalimia, hata walipokutana kwa muuza nyanya mmoja, na marehemu hakumlalamikia, alikuwa akichagua nyanya zake na kuondoka haraka ili Hinda apate nafasi.

Tarehe 11 Machi 2023 Ruweyda alikwenda Bohol Garas kuomba radhi, raalli gelin kama tunavyoiita. Desturi ni kwamba wanaume wa upande wa mkosaji ndio wanaosema, na mwenyewe anakaa nyuma. Deeq alikuwa amechagua mbuzi wa maziwa katika kundi lake, si wale wa kupeleka mnadani bali wale ambao yeye mwenyewe huwaita kwa majina, na Mzee Mahat alipomkaribisha aanze, Deeq akasema, "Mimi nimeleta mbuzi tu. Mwenye maneno ni yeye." Wanaume wakanung'unika, mmoja akacheka na kusema labda siku hizi wake ndio wanaochunga waume. Ruweyda akasimama mbele yao, akasema pampu ilikuwa imelala, yeye hakujua, na kutojua hakukuwa kosa lake, kosa lilikuwa kuona haya kuuliza, na kosa kubwa zaidi lilikuwa kukubali sifa maji yaliporudi yenyewe.

Fatumo hakumkumbatia. Alikuwa amechuchumaa kwenye moto wake, na alimjibu bila kuinua kichwa, "Wewe mama, ngamia akizuia maziwa asubuhi moja, kwenu mnampeleka kwa bucha?" Watu wakacheka, Ruweyda hakucheka. "Mimi nikiona ngamia amezuia," akaendelea Fatumo, "nakoka moto, nateleka chai, nakunywa, halafu narudi kwake. Ungekunywa chai kwanza siku ile, mbuzi wangu wangekuwa wananilia hapa saa hii." Kisha akamimina kikombe, akakitia sukari nyingi kama ya mgeni, akampa, akasema, "Shika. Na usinimwagie, sina maziwa mengine." Mbuzi aliwapokea. Radhi alisema ataitoa polepole, na kweli aliitoa polepole, mwaka mzima, kila Ruweyda alipopita pale, na leo Fatumo yuko hapa uani, amekaa karibu na Mama Zeinab, amemshika mkono tangu asubuhi.

Baada ya siku hiyo marehemu alimwomba Ilhan amfundishe upya, tangu herufi ya kwanza, na Ilhan alikuwa akija jikoni kwake baada ya kazi, kisanduku kibovu cha pampu kikiwa mezani kati ya unga na vitunguu, Zeinab mdogo magotini kwa Ilhan akibonyeza vitufe, na Ruweyda akiuliza maswali ya kitoto moja baada ya jingine bila kusema ndiyo mahali ambapo ni hapana. Mwezi Septemba 2023 alirudishwa visimani, akaenda na birika na sufuria kwenye gari, akaweka sheria yake, kwamba pampu ikinyamaza hakuna anayeruhusiwa kutamka kwamba imekufa mpaka chai itelekwe, inywewe na vikombe vioshwe. Mafundi walimcheka, madereva wakafurahi, na mwezi wa Ramadhani walikuwa wakingoja kwa tasbihi badala ya chai. Lakini pampu zilizotangazwa kufa zikapungua, maana nyingi zilikuwa zimelala tu, na watu wa malisho wakajifunza kuuliza, "Mmeshakunywa?" kabla ya kuvunja nyumba zao.

Abdihafid aliyapeleka hayo kwa wakubwa, akaitetea ile nafasi iliyowekwa kando, na mwezi Julai 2024 Hinda alirudi kazini, akapelekwa kupima maji ya visima vya Lafey, huko Mandera. Hawakuwa wamezungumza kwa zaidi ya mwaka. Siku moja simu ya Ruweyda ikalia, na sauti ya Hinda bila salamu ikasema, "Imezima. Watu wamenizunguka. Sasa natia majani." Ruweyda akaangua kilio, na Hinda akapiga kelele upande wa pili, "We mama, unalia nini? Niambie, sukari natia sasa au mwisho?" Ndivyo walivyopatana.

Hata hivyo aibu ile haikumtoka. Kila alipoitwa Injinia alikuwa akitulia kidogo kabla ya kuitika, na sisi wa nyumbani tulidhani ni maringo. Baadaye alimweleza binti yake Naimo kwamba kila mara alikuwa akimpa Fatumo, moyoni mwake, nafasi ya kulipinga jina hilo.

Mwezi Machi 2025 chakula kilianza kumkwama. Alipimwa hapa mjini, kisha Nairobi, ikaonekana ni saratani ya koo la chakula, akatibiwa kwa miezi kadhaa, na alipoona dawa hazishindi akaomba arudishwe Garissa karibu na watoto. Mwishoni hata chai hakuweza kuimeza, Naimo alikuwa akichovya kitambaa safi kwenye kikombe na kumgusa nacho midomo.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 23 Oktoba 2025, wodini, pumzi ilisimama. Daktari aliitwa, akashika mkono wake, akasikiliza kifua, akainua kichwa kutuambia. Naimo, ambaye ana miaka kumi na minne, akamtangulia, "Daktari, tafadhali usiseme. Chai kwanza." Daktari hakuelewa, lakini hakusema. Muuguzi mmoja, ambaye jina lake hatukulijua mpaka tulipomtafuta kumshukuru, alitoka, akarudi na chupa yake mwenyewe ya chai aliyokuja nayo kazini, akamimina, akamvutia Naimo kiti karibu na kitanda. Mtoto akanywa, kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye kifua cha mama yake, na watu wazima wote tukasimama, daktari na koti lake, Deeq ukutani, Ilhan na Abdihafid mlangoni. Kikombe kilipokwisha alitoka nacho mpaka kwenye mfereji, akakiosha, akakipangusa, akakirudisha kwa mwenyewe. Kisha akasema, "Haya. Semeni."

Familia inamshukuru daktari huyo kwa kunyamaza wakati alikuwa na haki ya kusema, na madaktari wote wa hapa na wa Nairobi, na muuguzi Ruth aliyetoa chai yake, na majirani wa Bulla Iftin mliowalaza watoto wetu na kuwafulia sare za shule bila kuombwa. Tunawashukuru ninyi wa ofisi ya maji, Injinia Abdihafid, Ilhan, Olow uliyesafiri na kibuyu kingine cha maziwa, Hinda uliyetoka Lafey kwa njia ile ndefu yenye vizuizi, na Mama Fatumo, ambaye juzi, jeneza lilipokuwa likitoka, uliita kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Injinia!" na hukupinga.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Ruweyda, tumekungoja kama ulivyotufundisha, tumekunywa, vikombe tumeviosha, na sasa tumekubali. Mola akusamehe, akulaze penye kivuli na maji yasiyopungua, upumzike kwa amani.